Nyuzi za besi za kotedi: zinalipa au tunapigwa?

BesiUyole

Wakuu habari za jumapili. Najua wapiga magita mpo humu mnajificha kwenye nyuzi za mpira na siasa, leo nimeleta uzi unaohusu nyuzi zenyewe, mtajijua.

Iko hivi. Mi napiga besi kwaya ya vijana hapa Uyole, Mbeya, gita ni la kanisa, la nyuzi nne, la Kichina lakini sio baya. Shida ni nyuzi. Nikifunga seti mpya wiki ya kwanza raha tupu, linalia kama kinanda, kila noti unaisikia mpaka nje ya geti. Wiki ya tatu limeanza kupoa. Ikifika mwezi na nusu, hasa ule uzi mnene wa E, unakuwa kama unapiga debe la mahindi, puu puu puu, huelewi ile ni E au F au kuna mtu kafunga mlango. Na tyuni inakuwa ya kubabaisha, ukipiga wazi bila kubonyeza iko sawa, ukipanda freti ya 12 (kile kichuma cha 12 shingoni) imeshatoka nje.

Sa juzi nlikua Dar kwa mambo yangu nikapita Kariakoo, jamaa wa dukani akanionesha seti ya kawaida ya D'Addario akasema elfu hamsini na tano, alafu akachomoa Elixir kwenye kabati akasema hizi zimepakwa, wanaziita kotedi, laki na ishirini, ukifunga unasahau. Nikamuuliza zimepakwa nini, akasema "teknolojia". Nikacheka nikaondoka na hela yangu, ila tangu nimerudi inanisumbua, maana kama kweli zinakaa mara tatu basi ni nafuu, na kama ni maneno ya muuza duka basi laki na ishirini kwa mtu wa Uyole ni mbolea ya viazi hiyo.

Aliyewahi kuzifunga kwenye BESI, sio gita la solo, aseme ukweli. Zinadumu? Mlio wake ukoje? Natanguliza shukrani.

nakaa_pale

Mi nakaa pale nyuma ya spika nasubiri wataalamu.

FundiMafiati

Mleta mada nimekusoma. Mi natengeneza magita, nina kibanda Mafiati, na besi za makanisa ndio zinanilisha, nyingi zinaletwa na shida hiyo hiyo yako na mwenye nalo ameshakata tamaa anadhani gita limekufa.

Kwanza jua uzi wa besi unakufaje. Ule sio waya mmoja. Ndani kuna kiini cha chuma, juu yake wamezungushia waya mwingine, na kwenye E wanazungusha zaidi ya tabaka moja ndio maana ni mnene vile. Uutazame kwa karibu, ni kama springi iliyobanwa, kati ya mzunguko na mzunguko kuna vimfereji. Jasho, mafuta ya vidole, ngozi inayobanduka, vumbi, vyote vinajikusanya mle. Vikijaa uzi unakuwa mzito na mgumu kunesa, na mbaya zaidi uzito wenyewe haujalingana, pale unapochezea kila siku pamejaa, kule karibu na briji, pale nyuzi zinapolala kwenye mwili wa gita, pasafi. Hapo ndo freti ya 12 inakukataa, na unaweza kusogeza briji mpaka skrubu iishe, haitakaa.

Alafu kitu wengi hawajui, kinachokufa sio ule mvumo wa chini. E wazi ni kama mitetemo 41 kwa sekunde, hiyo inabaki mpaka uzi ukatike. Kinachokufa ni vile vimlio vya juu vinavyoambatana nao, na sikio linavitegemea hivyo kujua hii ni noti gani, hasa kwenye spika ndogo ambazo hiyo 41 yenyewe haziitoi vizuri. Vikiondoka unabaki na puu puu yako.

Ukiacha uchafu kuna kutu. Ukiacha kutu kuna freti kuula uzi, geuza uzi wa zamani utaona vidonda upande wa chini. Kotedi inasaidia uchafu na kutu, vidonda vya freti havikwepeki.

Sasa hiyo "teknolojia" ya jamaa wa Kariakoo. Elixir inatengenezwa na W. L. Gore ya Marekani, hao hao wenye Gore-Tex, kitambaa cha makoti ya mvua. Nyuzi zao ziliingia sokoni 1997 na wazo lenyewe lilitokea kwenye waya za baiskeli, walikuwa wanazipaka ziteleze zisishike matope, mtu akajiuliza kwani waya wa gita una tofauti gani. Walichopaka ni PTFE, ukoo mmoja na ile ya kwenye vikaango visivyogandisha yai. Wao wanapaka uzi ukiwa umeshazungushwa kabisa, kwa hiyo ile mifereji inafunikwa kwa juu, kama nailoni juu ya kitalu cha nyanya. Kuna wengine wanapaka ule waya wa nje kwanza ndo wanauzungusha, D'Addario walifanya hivyo kwenye zile EXP, hapo kutu utaikwepa ila mifereji iko wazi, uchafu unaingia kama kawa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "nilifunga kotedi hazina lolote" muulize kwanza kafunga ipi. Na zile za rangi rangi, DR wanazo za kijani na chungwa zinazowaka kwenye taa za klabu, zile nazo zimepakwa ila wengi wananunua kwa ajili ya macho, rangi ikianza kubanduka unaonekana kama una ukurutu kwenye gita.

Kabla sijakwambia nunua au acha nijibu haya: gita linapigwa na watu wangapi? Linalala wapi? Na nyuzi anafunga nani? Hili la mwisho sio utani. Nimeletewa seti mpya kabisa imekufa siku ya kwanza kwa sababu mtu alikata uzi kwa koleo kwanza ndio akauingiza kwenye mashine ya kukazia kule kichwani. Uzi wa besi unaukunja kwanza pembe kabisa, alafu ndo unakata mbele ya kona. Ukikata uzi ulionyooka waya wa nje unalegea juu ya kiini, hapo hata ungekuwa umepakwa dhahabu hautalia.

mzee_wa_flati

Kamwene wana Nyanda za Juu. Nipo Iringa, Mtwivila.

Kijana usitupe hela. Kotedi ni dawa ya ugonjwa wa kujitakia. Mimi nilifunga flati 2019, seti hiyo hiyo ipo mpaka leo, sijawahi kuitoa, naifuta kwa kitambaa basi. Flati juu yake wamezungushia utepe bapa badala ya waya wa duara, hakuna mifereji ya kujaza uchafu, kidole kinateleza, freti haziliwi. Na tena hata zikizeeka ndo zinazidi kuwa tamu.

Mnaongelea mlio wa kinanda kama vile besi ilizaliwa nao. Fender alipotoa besi yake ya Precision 1951 ilikuwa na flati. Mambo ya kung'aa yamekuja baadae, Rotosound wa Uingereza walivyokaa na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, 1966 wakamtengenezea zile Swing Bass, za duara na za stenlesi. Kabla ya hapo watu walikuwa wanapiga na wanaeleweka. James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown Marekani, alipiga nyimbo zao nyingi kwa kidole kimoja cha shahada, kwenye Precision ya 1962, flati nene za La Bella, na anajulikana kwa kutobadilisha nyuzi mpaka ikatike. Sasa kijana wa Uyole mwezi na nusu analia debe. Labda sio nyuzi.

Dogo_Nzovwe

Chemsheni jamani mbona rahisi. Sufuria la maza, maji yachemke, tone la sabuni, mi naweka na kimagadi kidogo, dk 10 unatoa unafuta unafunga. Mpyaaa. Laki na ishirini ya nini

FundiMafiati

Dogo hilo sufuria mnapikia tena maharage? 😂

Kuchemsha kunafanya kazi, sikatai, mafuta yanatoka na mlio unarudi. Ila unarudi siku chache tu, kwa sababu maji nayo yanaingia kwenye ile mifereji na hayatoki yote, unafunga uzi una maji ndani, kutu inaanzia ndani usikoona. Magadi sisemi chochote.

Spiriti ndio dawa. Methyleti, ile ya kuwashia jiko la kambi. Unakata bomba la plastiki la maji refu kama mita moja, chini unagundisha kifuniko, unaingiza nyuzi zimenyooka, unajaza spiriti, juu unafunga na kifuniko cha kuzungusha. Inalala usiku kucha, asubuhi unazitoa, utashangaa hiyo spiriti imekuwa kama chai ya rangi. Unafuta, unaacha zikauke dakika kumi, unafunga. Hiyo inakupa wiki mbili tatu nzuri, wengine hata mwezi, na spiriti ile ile unatumia tena na tena. Angalizo: usinunue ile ya kusafishia vidonda bila kusoma chupa, nyingine zimewekewa mafuta ya kulainisha ngozi, utakuwa unazipaka nyuzi mafuta badala ya kuyatoa. Na msifanyie jikoni karibu na mkaa, ile inalipuka kama petroli, mnaelewa.

Uzi ambao umeshaliwa na freti au una kutu nyekundu haufufuki kwa spiriti wala kwa maombi.

dada_besi_tukuyu

Habari zenu. Mzee wa flati shikamoo.

Kaka wa Uyole mi ndo mtu unayemtafuta, nimefunga Elixir kwenye besi mara mbili, za nikeli. Mi nipo Tukuyu, na wote mnajua Tukuyu mvua ikianza haiulizi ni mwezi wa ngapi, hata matandiko yanakuwa na unyevu. Nyuzi za kawaida kwangu nilikuwa nafunga mwezi wa kumi na moja kabla mvua hazijakolea, ikifika Pasaka nikipitisha kidole kinatoka cheusi na kinanuka chuma. Na mi mikono yangu inatoka jasho sana, hata nikiwa nasikia baridi. Kuna watu jasho lao halina neno na kuna sisi ambao jasho letu linakula chuma, hata saa ya mkononi inabadilika rangi. Ukitaka kujua uko kundi gani angalia skrubu za briji pale mkono unapolala.

Seti ya kwanza ya kotedi ilikaa miezi kumi. Nasema ukweli wangu, sio kwamba mwezi wa kumi ilikuwa inalia kama ya kwanza, hapana, ila ilikuwa inalia kama ya kawaida ikiwa na wiki tatu. Ndo tofauti yake hiyo, nyuzi ya kawaida inaanza juu sana alafu inaporomoka kama lori limekatika breki Mlima Nyoka, kotedi inaanza chini kidogo alafu inakaa pale pale. Kuna watu wanachukia hiyo, wanataka ule mng'ao wa siku ya kwanza. Kwa kwaya mimi naona afadhali, maana mwalimu wa kwaya anakuwa haniambii kila wiki "besi leo vipi".

Ubaya wake. Wiki ya kwanza zinateleza, vidole vinakimbia vyenyewe, nilikosea kuingia kwenye pambio moja mpaka waimbaji wakageuka. Ukizoea inaisha. Pili ilipofikisha miezi sita, pale juu ya pikapu (kile kinasa sauti cha gita) ambapo vidole vinakwangua ikaanza kuota manyoya meupe, ni lile koti linachanika. Haiharibu mlio sana ila inakera macho na kidole kinaihisi. Tatu, na hili ndo kubwa, seti ya pili niliazimisha gita kwa kijana mmoja anapiga kwa piki, kile kiplastiki, na kwa kidole gumba ile ya kuchapa, wiki mbili tu koti limechanika kwenye E na A, na koti likishachanika hapo ndo jasho linapoingilia, ukawa umelipia laki kwa nyuzi ya kawaida. Nililia.

Hesabu yangu mimi: za kawaida nilikuwa nafunga seti nne kwa mwaka, kwa hiyo bei yako ni laki mbili na ishirini. Kotedi moja na kidogo. Kwangu inalipa. Ila hiyo ni mimi, gita langu, mikono yangu, na mvua ya huku. Mtu wa Iringa mjini ambako hewa ni kavu na mikono mikavu sijui kama atapata faida hiyo.

mzee_wa_flati

Marhaba binti. Umeongea vizuri, kuliko huyo wa magadi. Lakini hukujibu, kwa nini usifunge flati ukasahau?

dada_besi_tukuyu

Mzee wangu flati nazipenda kuzisikiliza kwa wengine. Ila kwetu kwaya ikimaliza ubeti wa tatu inaingia sebene dakika saba, solo ziko mbili, kinanda kiko juu, ngoma ziko juu, flati inazama kama jiwe Ziwa Nyasa. Nyuzi ya duara ina kale kaukali kanakotokeza. Halafu flati nazo bei yake sio ya huruma, nyingi ni sawa na kotedi au zinazidi, na zinakaza sana, besi yangu shingo ingepinda ningeenda kumlipa fundi tena.

Na Jamerson alikuwa studio, mzee, kuna mtu alimpandishia kitufe.

mzee_wa_flati

Hapo kwenye kitufe umenipata 😄

BesiUyole

Wakuu ndaga fijo, sikutegemea majibu hivi. Fundi najibu maswali yako, usinicheke.

Gita linapigwa na watu wanne. Mimi, mwenzangu wa kwaya kuu, na madogo wawili wanaojifunza baada ya ibada. Linalala stoo ya kanisa, limesimamishwa ukutani pamoja na masufuria ya harusi, halina begi, begi lilichukuliwa kubebea maiki. Nyuzi nafunga mimi. Kwa koleo. Nakata kwanza 🙈

Na kitu kingine ambacho baada ya kusoma hapa nimegundua mwenyewe. Kati ya ibada ya kwanza na ya pili tunakunywa chai na maandazi nyuma ya kanisa. Kengele ikigonga tunakimbia kwenye vyombo. Hakuna hata mmoja ananawa.

FundiMafiati

Basi kesi imeisha hakimu aende nyumbani. Mnapaka gita mafuta ya maandazi kila jumapili, mikono minane, alafu mnalaumu D'Addario.

Mi nakushauri hivi, usinunue kotedi kwa gita hilo. Sio kwamba ni mbaya, dada wa Tukuyu kaeleza vizuri na nakubaliana nae kila neno. Kotedi inalipa kwa gita la mtu mmoja anayejua mikono yake na anapiga kwa vidole vya kawaida. Gita la umma, kuna dogo anajifunza kuchapa, kuna dogo ana kucha, koti litachanika ndani ya mwezi mmoja. Funga za kawaida za nikeli, namba 45 mpaka 105 (unene, kuanzia uzi mwembamba mpaka mnene) au 45-100 ukitaka laini, kunja kwanza ndo ukate, weka beseni la maji na sabuni mlangoni, tundika kitambaa kikavu kwenye stendi ya gita kila anayemaliza afute chini na juu ya uzi, na kila mwezi na nusu spiriti. Mkiona kutu inasumbua jaribuni stenlesi, hazishiki kutu kirahisi na mlio wake ni mkali zaidi, ila zinakula freti haraka na freti nikizibadilisha mimi mtalia bei.

Na huu baridi wa Juni Julai mkumbuke, ibada ya asubuhi gita likitoka stoo la baridi nyuzi zimejikaza, mkityuni saa moja likishika joto la watu na la mikono linashuka lenyewe. Wanasema nyuzi mbovu kumbe ni Mbeya. Litoe nusu saa kabla likae na watu ndo utyuni.

mitambo_soweto

Nimesoma uzi wote nimecheka sana. Mi nakaa kwenye miksa kanisa moja hapa Soweto, nawaambia siri, hizo laki na ishirini zenu zinaishia kwangu. Besi ikiingia trebo, yaani mlio wa juu, naikata karibu yote, kwa sababu kuna maiki nane za waimbaji na zinaanza kupiga miluzi, na spika zenyewe mbili za inchi 15 honi moja imeungua tangu mwaka juzi. Hata ufunge nyuzi za fedha mkutano hausikii tofauti. Nunueni honi kwanza.

dada_besi_tukuyu

Kaka wa mitambo ndo maana wapiga besi hatuwapendi 😂 Ila hapo una nusu ya haki. Ule mng'ao wa juu kabisa kweli unapotea kwenye spika, lakini kueleweka kwa noti hakukai kwenye trebo, kunakaa katikati, na nyuzi iliyokufa inapoteza hata huko katikati. Jaribu jumapili moja, kata trebo na uache katikati, fananisha nyuzi mpya na iliyokufa, utasikia. Na hata mkutano usiposikia mi nasikia, nikisikia tope chini ya vidole nagonga kwa nguvu zaidi, nikigonga kwa nguvu nakosa mapigo.

mitambo_soweto

Sawa dada nitajaribu. Honi bado ni mbovu lakini.

nakaa_pale

Bado nipo pale. Swali la kijinga, hizo kotedi zinafuta lile jambo la vidole kulia kwiii ukihamia freti nyingine?

dada_besi_tukuyu

Zinapunguza sana. Sio swali la kijinga, kuna watu wananunua kwa hilo tu, hasa wanaorekodi.

BesiUyole

Wakuu marejesho, wiki tatu zimepita.

Nilienda kwa mhazina na hoja zote mbili nimeziandika kwenye karatasi. Akasoma, akauliza "kuna ya elfu hamsini na tano na kuna ya laki na ishirini, zote zinalia?" Nikasema ndio mama. Akanipa sitini, akasema chenji niirudishe. Kwa hiyo mjadala wa kotedi kwa gita la kanisa ulifia ofisini kwa mama mhazina kabla hata haujafika kwa mwalimu wa kwaya.

Nimeagiza seti ya kawaida imekuja kwa basi. Nimekunja kwanza ndo nikakata, nikasikia aibu kwa seti zote nilizoziua. Fundi niamini, tofauti ipo, E inalia kama E. Beseni lipo mlangoni, wazee wa kanisa walidhani ni la kuoshana miguu. Wale madogo mmoja ananawa, mwingine anafuta kwenye suruali, tunaenda nae taratibu.

Zile nyuzi za zamani sikuzitupa, nilizilaza spiriti kwenye chupa ya soda nimezikunja duara maana bomba sikuwa nalo. G na D zimefufuka kweli. A hivyo hivyo. E ilikuwa imeshakufa, naona ni dhambi ya koleo. Ila kukunja kwenye chupa kumezipa mawimbi, hazitaki kunyooka.

Na mimi mwenyewe nimeanza kuweka hela ya besi yangu, ipo moja ya mtumba naiangalia hapa Mwanjelwa, nikiipata hiyo ndio nitafunga kotedi maana huwa naenda Kyela kupiga kwenye harusi za ndugu na joto la kule mikono inatiririka mpaka kwenye kiwiko. Skrubu za briji nimeziangalia kama dada alivyosema. Zimekuwa kijani.

Kwa sasa naomba tu, kuna mtu ana kipande cha bomba la inchi moja na nusu, mita moja, na kifuniko?

FundiMafiati

Njoo Mafiati kesho mchana, kipo. Spiriti uje nayo.

Dogo_Nzovwe

Na mi nakuja na zangu, maza kachukua sufuria lake